Feleji Ngumu na Kazi ya Uokoaji

Ajali itokeapo na majeruhi akabanwa garini, anayemfikia kwanza huweza kuwa polisi au mwanajeshi aliye karibu, zimamoto wakiwa bado njiani. Ni wajibu wetu basi kufahamu badiliko lililoingia katika miili ya magari.

Mwaka 1977 kampuni ya Plannja ya Uswidi ilipewa hati ya uvumbuzi wa ufundi mpya. Bati la feleji iliyotiwa boroni kidogo hupashwa moto hadi nyuzi 900 hivi, hukandamizwa ndani ya kalibu, kisha hupozwa humo humo kwa ghafla. Mwaka 1984 Saab 9000 ilitumia feleji hiyo, na leo nguzo za paa za magari mengi hutengenezwa hivyo. Nguvu yake hupita ile ya chuma laini mara nne au zaidi. Chumba cha abiria hakipondeki upesi, na watu wengi hupona.

Lakini ngao ya abiria imekuwa kikwazo kwa mwokoaji. Mkasi wa haidroli uliotengenezwa zama za chuma laini huweza kukwama juu ya nguzo hiyo, au makali yake yakavunjika na vipande kuruka, huku majeruhi akivuja damu. Tena kandokando ya paa huweza kufichwa mitungi ya gesi ya mifuko ya hewa, ikikatwa, hupasuka.

Mikasi yenye nguvu zaidi ipo, ila ujuzi hutangulia. Mwokoaji hubandua kwanza mapambo ya ndani aone kilichomo, huepa sehemu ngumu, hutanua mlango kwenye bawaba, au husukuma dashibodi kwa jeki. Huko Ulaya, Euro NCAP ilianza mwaka 2020 kuwapa waokoaji, kwa njia ya simu, michoro ya magari yenye kuonyesha mitungi hiyo, betri na sehemu zilizoimarishwa.

Tanzania, Kenya na Uganda hununua kwa wingi magari yaliyokwisha kutumika Japani, na feleji hiyo imo barabarani mwetu. Askari atakayetangulia azime injini, azuie magurudumu, asiruhusu majeruhi avutwe kwa nguvu isipokuwa moto umewaka, na awaarifu zimamoto aina ya gari na mwaka wake. Taarifa hiyo fupi huokoa dakika, na dakika hizo ndizo uhai wa mtu.