Mvua Hairudishi Swala Waliokufa

Swali linaloulizwa kila msimu huko Kilelengwani na kote Garsen, katika delta ya Mto Tana, ni hili: masika yakinyesha vizuri, wanyamapori watarudi lini? Swali hilo limesimama juu ya imani isiyo na msingi, kwamba swala wanapoadimika wakati wa kiangazi huwa wamehama tu, na mawingu yakitanda watarejea wenyewe. Ukweli ni kwamba wengi hufa: katika ukame wa 2022, nyumbu 512 walihesabiwa kuwa wamekufa nchini Kenya kati ya Februari na Oktoba, na mizoga haihami.

Ushahidi mzito zaidi ni hirola, swala wa nyika zilizo mashariki ya Mto Tana, ambaye katika miaka ya 1970 alikadiriwa kuzidi 10,000, kabla ya ukame na sotoka, yaani tauni ya ng'ombe, kumfyeka kati ya 1983 na 1985. Mvua zilinyesha baadaye, tena kupita kiasi wakati wa El Niño ya 1997, na sotoka ikatangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, lakini hirola waliosalia leo ni mia chache tu. Hawakurudi kwa sababu hapakuwa na mahali walikokwenda. Jike huzaa ndama mmoja tu kwa mwaka, wengi wakizaliwa mwanzoni mwa vuli, hivyo vuli ikikosekana, nyasi hukauka, maziwa hupungua na kizazi kizima hupotea. Isitoshe, ndovu waliokuwa wakiangusha miti waliuawa kwa ajili ya pembe, vichaka vikameza mbuga, na mvua ile ile inayotumainiwa sasa hustawisha vichaka.

Hata kuangalia mawingu ya Garsen ni kuangalia pasipofaa, kwa kuwa malisho ya nyamera na kuro katika delta hutegemea mafuriko yanayotoka Mlima Kenya na Nyandarua, ambayo tangu 1981 hupunguzwa na bwawa la Masinga. Mafuriko hayo nayo husambaza mbegu za mathenge, mti vamizi wenye miiba, na penye mathenge nyasi hazistawi.

Yanayowezekana yanajulikana: miti ya mathenge ing'olewe ingali michanga, malka, yaani njia za kuteremkia mtoni, zisilimwe, mifugo ichanjwe, majangili wadhibitiwe, maji yaachiliwe mabwawani kwa kufuata misimu, na hifadhi za jamii zenye uzio, kama ile ya Ishaqbini iliyopokea hirola 48 mwaka 2012, zisaidiwe kabla ya kiangazi kingine.