Jiwe la Nyoka Libakie Mnadani

Kiangazi kikishika na barabara za vumbi upande wa Busawe na Mugumu zikianza kupitika, vijana wa Mwanza, Musoma na Tarime hupakia mahema kwenye magari na kuja kulala porini Serengeti. Kabla ya kuondoka hunipigia simu. Ningefurahi wangeuliza hospitali ipi ina dawa ya sumu ya nyoka. Hawaulizi. Wanauliza, "Daktari, jiwe la nyoka lile zuri linapatikana wapi?" Wa mwisho kuniuliza ana gari lenye winchi, friji na taa za kumulika nusu ya wilaya, lakini uhai wake anataka kuukabidhi kwa kitu cha mnadani kilichofungwa kwenye gazeti.

Kwanza si jiwe. Ni kipande cha mfupa wa ng'ombe kilichokatwa, kikasuguliwa na kuchomwa hadi kikawa cheusi. Muuzaji atakuelekeza: mtu akigongwa, mchanje chale, damu itoke, bandika jiwe hapo, usilibandue hadi lianguke lenyewe, kisha lichemshe kwenye maziwa ulitumie tena. Na kweli linanata. Mfupa uliochomwa umejaa vitundu vidogo vinavyofyonza majimaji. Ukiubandika kwenye ulimi wako mwenyewe utanata vilevile. Ukishiba damu, unaanguka. Mashuhuda wanasema wameona sumu ikivutwa. Walichoona ni damu.

Sumu yenyewe iko wapi wakati huo? Meno ya kifutu ni marefu na yamepinda, hufanya kazi kama sindano. Sumu inaingia chini ya ngozi, pengine hadi kwenye msuli, na huanza kusambaa mara moja. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la watu waliojitolea kudungwa mguuni sumu ya bandia, isiyo na madhara, kisha wakawekewa pampu ya kufyonza iliyotengenezwa kiwandani kwa kazi hiyohiyo. Pampu ilitoa asilimia 0.04 ya kile kilichodungwa, yaani sehemu 4 katika kila 10,000. Hiyo ni pampu. Mfupa hauna hata nguvu ya kuvuta kilicho chini ya ngozi. Unasubiri kile kinachojitokeza chenyewe.

Anayetaka jaribio la jiwe lenyewe, lipo. Mwaka 2007 lilichapishwa jaribio la panya waliodungwa sumu za nyoka wa Afrika, wakiwemo kifutu na swila, nyoka ambao sisi tunao, kisha wakabandikwa jiwe jeusi. Jiwe halikuwasaidia. Wala si habari mpya: Francesco Redi, daktari wa Italia, alilijaribu jiwe la nyoka kwa kuku akaona halifai kitu, na maelezo yake yalichapwa mwaka 1671. Tangu wakati huo limesafiri mabara kadhaa, na hapa Afrika hata wamisionari walichangia kulieneza. Dawa iliyoshindwa zaidi ya miaka 350 iliyopita haijageuka dawa kwa kuwa imefika mnadani.

Hapo ndipo naambiwa: "Mbona shangazi yangu alipona?" Alipona, sibishi. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani ni kwamba watu milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka, na wanaoingiwa na sumu ni kati ya milioni 1.8 na 2.7. Maana yake angalau nusu ya wanaoumwa hawapati sumu: ama nyoka hana sumu, ama anayo na hakuitoa. Hao ukiwabandika chapati watapona, na chapati itapata sifa. Jiwe linaishi kwa kula heshima ya nyoka ambao hawakukusudia kuua. Miongoni mwa waliobaki, watu kati ya 81,000 na 138,000 wanaofariki kila mwaka hawarudi mnadani kulalamika.

Tena lina madhara. Sumu ya kifutu inaweza kuzuia damu kuganda, na wewe umemchanja chale. Mbaya zaidi ni muda: watu wanakaa duara kungoja kipande cha mfupa kidondoke, saa mbili zinapita, na kama aliyemgonga ni koboko, saa hizo ndizo misuli ya kupumua inalegea.

Wenye pikipiki nao wana la kwao: kumpiga majeruhi shoti kwa waya wa plagi. Hili lilipata umaarufu mwaka 1986, barua kutoka Ekuado ilipochapishwa katika jarida la The Lancet. Wanyama walipojaribiwa baadaye, shoti haikuonyesha faida yoyote. Pikipiki ina kazi, ila kazi yake iko kwenye kiti. Kusini-mashariki mwa Nepali vijiji vilipanga waendesha pikipiki wa kujitolea kuwakimbiza walioumwa hospitali, huku wananchi wakielimishwa. Vifo miongoni mwa walioumwa vikashuka kutoka asilimia 10.5 hadi 0.5. Bodaboda tunazo tele. Majeruhi akae katikati, mtu wa tatu amshike kwa nyuma. Mshikaki huo nauruhusu.

Na tafadhali, oili chafu mnayomwaga kuzunguka hema haifukuzi nyoka. Inachafua ardhi tu.

Sasa ya kufanya, kwa haraka. Kabla ya safari, piga simu hospitali ya Mugumu au ya Tarime uulize kama dawa ya sumu ya nyoka ipo wiki hiyo; kama haipo, uliza Musoma, na kwa matatizo ya kupumua jua kwamba Bugando iko Mwanza. Usibebe dawa hiyo kwenye friji ya gari: hudungwa kwenye mshipa, na inaweza kumletea mgonjwa mzio wa kuua pasipo adrenalini na mhudumu anayejua kuitumia. Kambi za umma ndani ya Serengeti, Lobo ikiwemo, hazina uzio, na usiku huruhusiwi kuendesha gari hovyo hifadhini, hivyo hifadhi namba ya askari kwenye simu kabla ya giza. Zipu ya hema ifungwe muda wote. Makombo yafukiwe au yafungwe. Yanaleta panya, na panya wanaleta swila. Kuni ziokotwe mchana. Kwenda chooni usiku ni tochi na buti. Kifutu hakimbii ukimkaribia, analala palepale njiani, hasa kwenye mikondo ya matairi.

Mtu akigongwa: vua pete na saa, mguu au mkono usitikisike, usifunge kamba, usichanje, usimpe pombe. Swila akitema machoni, osha kwa maji mengi mfululizo. Nyoka mpige picha ukiwa mbali kama inawezekana, usimfukuze. Andika saa aliyoumwa, washa gari.