Akiba ya Kabwela na Maswali Matatu

Wako watu wasemao kwamba kabwela hana akiba kwa sababu hana nidhamu. Sisi hatukubaliani nao. Mama lishe anayechanga mchezo na wenzake kila juma, kuli anayempelekea mamaye fedha kijijini, na mwalimu anayenunua matofali kidogo kidogo mpaka nyumba ikasimama, wote hao ni watu wenye akiba na wenye nidhamu. Linalowapungukia ni maarifa ya mahali pa kuiweka akiba hiyo. Na kwa kuwa maarifa hayo hayakuwafikia, wengine wamewafikia kabla yake.

Tutazame hesabu. Mfanyakazi anayeweka shilingi 1,000 kila siku ya kazi, kwa siku 26 za mwezi, atakuwa na shilingi 312,000 mwisho wa mwaka. Mwenzake aliyekopa shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi, akawa analipa riba tu bila ya kupunguza deni lenyewe, katika mwaka huo huo atakuwa amelipa shilingi 360,000, na zile 100,000 bado anadaiwa. Mikopo ya namna hii wananchi wenyewe wameipa jina lake: kausha damu. Basi akiba ya kwanza ya mfanyakazi ni kuitoa shingo yake katika kamba hiyo. Haifai kuanza kutafuta faida huku riba inakula mshahara.

Wahenga walisema akiba haiozi. Kweli haiozi, lakini huibiwa. Hatujasahau habari ya DECI. Watu waliambiwa wapande mbegu ya fedha, nao watavuna maradufu. Waliotangulia walivuna kweli, maana walilipwa kwa fedha za waliokuja nyuma yao. Mwaka 2009 Serikali iliusimamisha mchezo huo, na mwaka 2013 mahakama ikawatia hatiani baadhi ya viongozi wake. Lakini hukumu haikuwarudishia wapandaji muda waliopoteza. Majina yamebadilika tangu siku zile, na sasa mialiko huja kwa simu ya mkononi; hila ni ile ile.

Kwa hiyo twawaomba wasomaji wetu wayashike maswali matatu, na wasitoe hata senti kabla hayajajibiwa.

Swali la kwanza: nani amewapa ruhusa? Mabenki husimamiwa na Benki Kuu ya Tanzania, nayo hutangaza orodha ya taasisi zenye leseni yake. Vyama vya akiba na mikopo, yaani SACCOS, vipo chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Vikundi vidogo vya kuweka na kukopeshana hutakiwa kusajiliwa katika halmashauri, kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Madalali wa hisa na mifuko ya uwekezaji hupewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Mtu asiyetajwa po pote katika orodha hizi, hata awe mcha Mungu namna gani, usimpe fedha yako.

Swali la pili: faida yatoka wapi? Katika SACCOS yatoka katika riba wanayolipa wanachama waliokopa. Katika hatifungani yatoka kwa Serikali, ambayo hukopa kwa wananchi na kuwalipa riba kila miezi sita. Ziko za miaka 2 na ziko za hadi miaka 25, nazo hununuliwa kwa kupitia benki au dalali mwenye leseni. Katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara mwaka 1998, faida hutoka katika kazi ya makampuni. Kampuni ikipata hasara, hisa hushuka, na mwenye hisa hushuka nayo. Mwenye fedha kidogo aweza kununua vipande katika mifuko ya pamoja, kama Mfuko wa Umoja ulioanzishwa mwaka 2005, ambao bei ya kipande chake hutangazwa. Ahadi isiyo na jibu la swali hili ni mtego.

Swali la tatu: nikiitaka fedha yangu, nitaipata lini? Fedha ya karo ya mwakani haiwekwi mahali pa miaka 20, wala fedha ya uzeeni haifichwi chini ya godoro.

Wako wazee wa chama wanaosita wasikiapo neno hisa. Wakumbuka kwamba Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi kuwa na hisa katika kampuni yo yote, sharti ambalo lililegezwa na Azimio la Zanzibar la mwaka 1991. Twaheshimu shaka yao. Lakini Azimio halikumkataza mfanyakazi kulinda jasho lake. Lilisema kwamba fedha ni matunda ya kazi, wala si msingi wa maendeleo. Matunda yasiyolindwa huliwa na nyani, na mnyonyaji wa leo ni yule anayeuza ahadi kwa mtu asiyejua kuuliza.

Hapa ndipo wajibu wa matawi yetu na vyama vya wafanyakazi unapoonekana. Katika kila mkutano itengwe saa moja, aitwe ofisa ushirika au mtu wa benki, aulizwe mbele ya wote, ajibu kwa Kiswahili kinachoeleweka. Mwanachama wa SACCOS ahudhurie mkutano mkuu wa mwaka, adai hesabu zilizokaguliwa, na asione haya kuuliza zaidi ya mara moja. Mwenyekiti anayechukia maswali ya wanachama juu ya fedha zao wenyewe hafai kuachiwa ufunguo wa sanduku.

Maarifa haya hayauzwi. Atakayekuomba ada ili akufundishe siri ya utajiri, mwulize yale matatu.