Mtoto mwenye kisukari ndani ya basi la shule

Ijumaa hii tumeona ni vyema tuizungumzie saa moja ambayo wazazi wengi hatuifikirii. Nayo ni saa ambayo mtoto mwenye kisukari yumo ndani ya basi la shule, ametoka mikononi mwa mama yake na hajafika mikononi mwa mwalimu wake.

Mji wetu wa Dodoma umetanuka sana tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia hapa. Makazi yameenea Nzuguni, Ihumwa, Kisasa na Nkuhungu, na mabasi ya shule huanza mizunguko yake alfajiri. Mtoto huyu huamshwa mapema, hudungwa sindano ya insulini, kisha hupewa uji. Honi ikilia kabla hajaumaliza, huondoka mbio. Dawa imekwishaingia mwilini, chakula hakijaingia, na insulini haingoji mtu. Jioni hali huwa ni hiyo hiyo: amecheza mpira, amekula mchana tu, na basi lina mitaa mingi ya kupitia kabla ya kufika kwao.

Tusiilaumu dawa. Mwezi Januari 1922, mjini Toronto nchini Kanada, Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, alikuwa mgonjwa wa kwanza wa kisukari kudungwa insulini. Kabla ya hapo, mtoto aliyepatwa na kisukari cha aina hii hakutarajiwa kuishi muda mrefu. Leo anaishi, anasoma na anakuwa mtu mzima. Lakini dawa ikizidi chakula, sukari hushuka katika damu, na ubongo hukosa kile unachokitegemea kufanya kazi.

Dalili zake ni kutetemeka, kutokwa na jasho jingi, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, kuona ukungu, hasira zisizo na sababu na maneno kuparaganyika. Tatizo ni kwamba dalili hizi hufasiriwa vibaya. Mtoto huambiwa ni mtukutu, au ana usingizi tu, na aliye mkubwa hudhaniwa amelewa. Miongoni mwetu wapo pia wanaokimbilia kusema ana jini. Sisi hatukatai kisomo, lakini kisomo hakimzuii mtu kutoa sukari kwanza, na dakika zinazopotea hazirudi.

Afanye nini basi dereva au mhudumu wa basi? Alisimamishe gari mahali salama. Ikiwa mtoto ana fahamu na anaweza kumeza, apewe vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari vilivyokorogwa katika maji, au nusu ya chupa ndogo ya soda yenye sukari, au nusu glasi ya juisi ya zabibu, tunda la mkoa wetu. Asipewe karanga wala chokoleti mwanzoni, kwa kuwa mafuta yake huchelewesha sukari kuingia katika damu. Baada ya dakika 15 atazamwe tena, na kama kipima sukari kipo apimwe. Akiwa bado chini ya 4, arudiwe kupewa. Akipata nafuu, ale kitu cha kumshibisha, na asiteremshwe peke yake.

Ikiwa amezimia au ana degedege, asitiwe chochote kinywani, maana kitamwingia mapafuni. Alazwe ubavu, asidungwe insulini, na basi lielekee moja kwa moja hospitali iliyo karibu bila kumaliza kwanza kuwashusha wengine. Na kama mtu hajui sukari imeshuka au imepanda, naye mtoto anaweza kumeza, ampe sukari. Aliyepanda hatadhurika sana kwa vijiko hivyo, lakini aliyeshuka anaweza kupoteza maisha kwa kuvikosa.

Mabasi mengi yana kanuni ya kukataza kula ndani ya gari. Ni kanuni nzuri kwa usafi, lakini kwa mtoto huyu lazima ilegezwe, naye aambiwe hivyo waziwazi, asije akaificha pipi yake mfukoni kwa kuogopa adhabu huku akizimia.

Vivyo hivyo katika mwezi wa Ramadhani. Mtoto asiyebaleghe hajawajibikiwa na saumu, na mgonjwa ameruhusiwa kufungua. Madaktari wanasema sukari ikifika chini ya 3.9 saumu ifunguliwe papo hapo, hata kama magharibi imebaki robo saa. Mzazi amweleze mwanawe hayo mapema, tena mbele ya dereva, ili yeyote asimwone kuwa amevunja heshima ya mwezi.

Ndugu wazazi, mtoto tunayempandisha garini ni amana, lakini dereva hawezi kuichunga amana asiyoelezwa. Wapo wazazi wanaoficha maradhi haya kwa kuona haya, hasa kwa mtoto wa kike. Kuficha huko ndiko kunakoweza kumuua mtoto. Kabla ya basi la Jumatatu, tuzungumze na dereva na mhudumu wake. Tuwaachie pakiti ya sukari, chupa ya maji, na karatasi yenye jina la mtoto, dalili zake, na namba za simu za wazazi na za hospitali. Insulini isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, kwani joto huiharibu.

Wabillahi Tawfiq.