Ile kitu inateleza mu bidoni

Ingiza kidole mu kinywa ya bidoni ya njano ya litri 20, ile yenye iko ku pembe ya jiko mu lupango nyingi ya Katuba. Sugua pa ndani. Inateleza sawa gombo. Mara mingi tunasema: "Haina mambo, ni maji tu." Si maji. Ni mikrobe, na zimekwisha kujenga.

Wenye kusoma sayansi wanaita ile kitu biofilimu. Namna inaanza haina uganga. Bidoni, ao ubao wa kukatia nyama, inabaki na maji na mabaki kidogo ya chakula: unga, mafuta, damu ya samaki. Mu dakika chache ile mabaki inapakala juu ya plastiki, ata macho haione. Mikrobe zenye kuogelea mu maji zinakuja kukaa pale. Kwanza zinashika kidogo. Ukipitisha maji, zinaenda. Kiisha masaa chache zinashika kwa nguvu na kuanza kutosha ute: sukari, proteini, na maji mingi. Ute inazifunika sawa nyumba, na ndani munabaki tunjia tudogo twenye kupitisha chakula. Nyumba ikijaa, vipande vinakatika na kwenda kujenga kwingine: mu kopo, mu sufuria, mu tumbo ya mutoto.

Fanya hesabu. Mikrobe yenye wanaita E. coli, ikipata joto na chakula ya kutosha, inagawanyika karibu kila dakika 20. Saa moja ya magaribi iko moja tu. Saa nane ya usiku, wakati umelala, zimepita milioni mbili.

"Lakini miye natiaka javeli!" Njo hapa tunakosea wengi, na mimi mwenyewe ndani. Mu mwaka 1683 Muholanzi mumoja, Antonie van Leeuwenhoek, mwenye kuuzisha vitambaa na kujitengenezea mikroskopi, aliandika juu ya uchafu mweupe wa ku meno yake. Aliona ndani yake vinyama vidogo vyenye kutembea. Alisukula meno na siki, na siki iliua vile vya inje tu. Haikupita mpaka ndani. Javeli inafanya vile vile mu bidoni. Inaua zenye kuogelea, inachokea mu ute, na zenye kuwa chini zinangojea maji ya kesho.

Na musifikiri ni mambo ya lupango ya wakosefu peke yake. Mukumbuke polony. Mu mwezi wa tatu 2018, waziri wa afya wa Afrika ya Kusini alitangaza kama ugonjwa wa listeria wenye kuua watu kule ulitoka mu polony ya usine moja ya Polokwane. Mikrobe ilikutwa mu nyama na pia mu usine yenyewe. Watu 1.060 waligonjwa, 216 walikufa, na watoto wachanga walikuwa wengi kati ya wagonjwa. Ile nyama ilikuwa inauzishwa mu inchi 15, na Kongo yetu kati yao. Listeria inajua kujenga juu ya mashini na chuma, na baridi ya frigo haiizuie kukomea. Siye wa Lubumbashi, wenye kula bintu mingi ya kupita Kasumbalesa, hatuwezi kusema iko mbali.

Sasa turudie ku munkoyo, sababu pale mambo inageuka. Mama anapika uji ya mahindi, inachemuka, moto inaua karibu mikrobe zote. Inapoa, anatia mizizi ya munkoyo yenye kupondwa, anaacha ilale. Mizizi inageuza unga kuwa sukari, na mikrobe nzuri inatia uchungu. Zile mikrobe zinatoka wapi? Zingine zinatoka ku mizizi, zingine zinabakiaka mu kibuyu. Kibuyu ya zamani iko na biofilimu yake, na ile ni mufanyakazi wa mama. Akiisugua sana na sabuni, amefukuza mufanyakazi.

Bidoni ya plastiki ni ingine. Jana ilibeba maji ya kisima, juzi mafuta. Haujue nani amejenga mule. Na munkoyo haichemshwe tena kiisha kuingia mu chombo. Mikrobe ya kipindupindu pia inajua kujenga biofilimu, na kipindupindu tuliiona humu mu muji mu 2013. Mama akipoteza bidoni mbili za munkoyo, minerval ya mutoto inapotea nayo. Mawazo yangu: kibuyu iwe ya munkoyo tu, bidoni isukulwe kila siku.

Kusukula ni kukwangula kwanza. Tia maji kidogo, sabuni, na muchanga safi ao tujiwe tudogo. Funga, tikisa mpaka mikono ichoke, geuza, tikisa tena. Mwanga. Pitisha maji safi mpaka muchanga yote itoke. Kisha njo utie maji ya javeli, uache nusu saa, umwange, upitishe tena maji safi. Kisha geuza bidoni kinywa chini, ikauke mu jua: ute inapenda kulowana.

Bidoni ya zamani yenye kukwaruzika sana pa ndani, ata utikise namna gani, mikrobe zinajificha mu mikwaruzo. Ile ibaki ya kufulia nguo.