Bunduki ya mgeni isipofika naye, hasara ni ya kampuni ya uwindaji

MSIMU wa uwindaji wa kitalii nchini huanza Julai 1, lakini kwa kampuni zenye vitalu kazi ya kumpokea mgeni huanza miezi kadhaa kabla. Wakati kambi zikitayarishwa na magari yakitengenezwa, lipo jambo moja ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wamechelewa: namna bunduki ya mgeni itakavyosafiri naye kwenye ndege ya abiria.

Uzito wa jambo hilo huonekana kwenye hesabu. Mgeni anayekuja kuwinda simba au tembo kwa kawaida hulipia safari ya siku 21. Iwapo atatua Kilimanjaro (KIA) au Dar es Salaam na sanduku la bunduki likabaki njiani, gharama hazisimami. Ndege ndogo imekwisha kukodiwa, mwindaji bingwa yuko kazini, na mpishi, dereva na wasoma nyayo wako kambini wakisubiri. Mgeni anayepoteza siku tatu hotelini huanza kudai apunguziwe malipo, na mwaka unaofuata huenda akachagua nchi nyingine.

Masharti ya mashirika ya ndege

Msingi wa masharti unafanana karibu duniani kote. Bunduki haipandi na abiria. Huwekwa kwenye mizigo inayokaa chini ya ndege. Iwe haina risasi, ifungwe kwa kufuli ndani ya sanduku gumu, na mwenyewe aitangaze kaunta kabla mzigo haujapokelewa. Nchini Marekani, yanakotoka makundi makubwa ya wawindaji, sheria inataka ufunguo abaki nao msafiri mwenyewe.

Risasi zina kipimo chake. Kwa taratibu za kimataifa za usafirishaji wa bidhaa hatari, abiria huruhusiwa kilo 5 tu, pamoja na uzito wa paketi, kwa matumizi yake binafsi na kwa ridhaa ya shirika la ndege. Risasi zenye ncha za kulipuka au za kuwasha moto haziruhusiwi. Mume na mke wanaosafiri pamoja hawawezi kuunganisha kilo zao katika mzigo mmoja wa kilo 10.

Kwa bunduki ya kaliba .375, ambayo wengi huja nayo kwa ajili ya nyati, kilo 5 ni karibu risasi 100. Kiasi hicho kinatosha, lakini mgeni mwenye bunduki mbili za kaliba tofauti hana budi kuzigawa kilo hizo.

Aidha, yapo mashirika yanayotaka risasi zikae katika mzigo tofauti na bunduki, mengine hutoza ada ya ziada, na mengine hutaka taarifa siku kadhaa kabla. Ndiyo maana kuuliza shirika moja na kudhani mengine yanafanana ni kujitafutia matatizo.

Tatizo liko njiani

Mara nyingi bunduki haikwami inakoanzia safari wala inakomalizia, bali pale msafiri anapobadili ndege. Katika viwanja vingi sanduku la bunduki halipiti kwenye mkanda pamoja na mabegi mengine. Hushikwa na watu wa usalama na kupelekwa kwenye ndege kwa mkono. Msafiri mwenye saa moja tu ya kubadili ndege anaweza kuwahi yeye, sanduku likabaki.

Kila nchi ya kupitia nayo ina sheria yake. Anayepitia Amsterdam anahitaji kibali cha Forodha ya Uholanzi kabla ya safari. Anayepitia Johannesburg akiwa na tiketi mbili zisizounganishwa atalazimika kuchukua mzigo wake na kuukabidhi upya. Hapo atakuwa ameingiza silaha Afrika Kusini, na polisi watataka fomu yao ya SAPS 520. Akiwa na tiketi moja na mzigo ukiandikwa moja kwa moja hadi mwisho wa safari, usumbufu huo huepukika.

Kwa Mmarekani ipo pia fomu namba 4457 ya forodha ya kwao, ambayo hugongwa mhuri baada ya ofisa kuiona bunduki yenyewe. Bila fomu hiyo, anaweza kupata taabu kuthibitisha wakati wa kurudi kwamba bunduki aliondoka nayo.

Hapa nchini, kibali cha kuingiza silaha kwa muda hushughulikiwa mapema na kampuni mwenyeji kupitia Jeshi la Polisi, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Namba iliyogongwa kwenye bunduki, kaliba na idadi ya risasi lazima vilingane na karatasi. Tarakimu moja ikikosewa, bunduki inaweza kuzuiwa uwanjani hadi marekebisho yafanyike.

Fidia haitoshi

Wapo wanaojipa moyo kwamba shirika la ndege litalipa. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 unatambua madai ya mzigo uliopotea, kuharibika au kuchelewa, lakini una kikomo. Tangu Desemba 28, 2024 kikomo hicho ni SDR 1,519 kwa abiria, yaani takriban dola 2,000 za Marekani. Bunduki moja nzuri ya kuwindia tembo huweza kuzidi kiasi hicho mara kadhaa, achilia mbali siku zilizopotea. Bima ya msafiri ndiyo kinga.

Baadhi ya kampuni hupunguza hatari kwa kuwa na bunduki za kukodisha kambini. Hata hivyo, wawindaji wengi hupendelea silaha waliyoizoea, na wana sababu: mnyama aliyejeruhiwa akatoroka hulipiwa kama aliyeuawa, na nyati aliyejeruhiwa ni hatari kwa kila aliyepo.

Kwa kampuni mwenyeji, gharama ya kujikinga ni ndogo. Iombe picha ya namba ya bunduki badala ya kuinakili kwa simu. Ione ratiba ya ndege kabla mgeni hajalipia tiketi, na imshauri aache saa kadhaa za kubadili ndege. Pia imwambie aje na begi laini la bunduki, kwani sanduku refu huenda lisienee kwenye ndege ndogo ya kwenda kambini.