Mjinga, Kibarua, Muungwana: Maneno ya Mtaani Ambayo Zamani Yalikuwa Vyeo

Kama umepanda mathree ya Kisauni wiki hii, kuna konda kashakuita mjinga. Kama uko Changamwe, asubuhi ulitoka kutafuta kibarua. Na ukimsaidia mzee wa mtaa kubeba mtungi wa gesi, atakwambia wewe ni muungwana. Sasa sikia hii: miaka 150 iliyopita, haya maneno yalikuwa vyeo kabisa.

Juu walikaa waungwana, yaani watu huru wenye ukoo unaojulikana. Mombasa walijipanga kwa mataifa 12, Thenashara Taifa. Na usidhani yote yalikuwa majina ya Old Town pekee, juu Changamwe ni mojawapo.

Chini walikuwa watumwa, na hata huko kulikuwa na ngazi. Mzalia alizaliwa hapa Pwani, Kiswahili anakijua, mila anazijua. Mjinga ni yule aliyeletwa juzi kutoka bara, hajui lugha wala desturi. Huyo kazi yake ilikuwa shamba.

Kibarua je? Ni barua ndogo. Mtumwa wa mjini alikodishwa kwa siku, akimaliza anapewa kikaratasi cha kuchukulia pesa, kisha bwana wake anakata fungu lake. Kutembea na viatu mbele ya huyo bwana ilikuwa noma.

Mwaka 1873, Sultan Barghash wa Zanzibar alisaini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Muda si mrefu, wamishonari wa CMS wakafungua Freretown hapo Kisauni, makao ya walioachiliwa huru. Ile kengele unayoiona ukishuka Kengeleni ilipigwa kuwaonya watu wavamizi wakija kuwarudisha utumwani.

Mwaka 1907, Waingereza wakafuta utumwa kisheria huku kwetu. Poa, si ndio? Ngoja kwanza.

Mwaka uliofuata, 1908, ikaja sheria ya hati za ardhi: mwenye shamba ajitokeze athibitishe ni lake. Nani angeweza? Wenye karatasi, majina makubwa na doo. Ardhi iliyokosa mwenyewe ikawa ya serikali ya mkoloni. Waliokuwa wakiilima kwa jasho lao, watumwa walioachiliwa na Wamijikenda wengi, wakabaki maskwota kwenye udongo waliouzoea. Cheo kilifutwa kwa watu, kikahamia kwenye ardhi.

Ndio maana Mombasa tuna kitu kinaitwa nyumba bila ardhi. Nyanya yangu anaishi Kisauni. Mawe ni yake, mabati ni yake, hata mlango alinunua mwenyewe. Lakini kila mwezi analipa kodi ya kiwanja. Juzi ikapandishwa. Alipouliza kwa nini, akajibiwa kama hataki, ang'oe nyumba yake aende nayo. Mama wa miaka 70 na kitu, manze.

Ng'ambo ya feri, Likoni, maskwota wa shamba la Waitiki walingoja hadi Januari 2016 ndio serikali ikaanza kuwapa hati.

Kwa hivyo leo ukirudi keja, wacha simu kidogo, uwaulize wazee swali moja: hapa tunapolala, hati ina jina la nani? Na yeye aliipata vipi?